Intaneti ya nyumbani inakatikakatika: tafuta kwanza kipande kinachokatika

Intaneti ikikatika, wengi hukimbilia kuzima ruta na kuiwasha upya. Huduma hurudi, pengine kwa saa chache, na papo hapo ushahidi unapotea, kwa sababu ruta nyingi hufuta kumbukumbu zake za matukio zinapozimwa. Kuwasha upya si dhambi, ila ruta inayohitaji kuzimwa kila siku haijatengenezwa.

Njia kutoka kwenye simu au kompyuta yako hadi kwenye tovuti ina vipande vinne. Cha kwanza ni kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ruta, mara nyingi kwa Wi-Fi. Cha pili ni ruta yenyewe. Cha tatu ni laini inayotoka nyumbani hadi kwa mtoa huduma. Cha nne ni mtandao wa mtoa huduma na kila kilicho mbele yake. Kazi kubwa ni kujua ni kipi kati ya hivi kinachokatika. Asiyejua hununua ruta mpya wakati ubovu uko kwenye konekta yenye vumbi, au hugombana na mtoa huduma wakati kizuizi ni ukuta wa sebuleni kwake.

Pima kwa waya kwanza

Chukua kompyuta na kebo ya LAN, iunganishe moja kwa moja kwenye tundu la LAN la ruta, kisha zima Wi-Fi ya kompyuta ili kipimo kisichanganyike. Kompyuta isiyo na tundu hilo hutumia adapta ya USB. Ukikosa vyote, kaa mita mbili kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati, ukitumia bendi (masafa ya redio) ya GHz 5. Kipimo hicho hakilingani na cha waya lakini ni bora kuliko kupima ukiwa chumba cha mwisho.

Sasa tafuta anwani ya ruta. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, usome mstari wa Default Gateway. Kwenye Linux andika `ip route`, na kwenye Mac andika `route -n get default`. Mara nyingi utakuta 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika `tracert -d 1.1.1.1` (kwenye Mac na Linux ni `traceroute -n 1.1.1.1`); 1.1.1.1 ni anwani ya huduma ya umma iliyo mtandaoni, tunayoitumia kama kituo cha mwisho cha kipimo. Mstari wa kwanza ni ruta yako, na wa pili kwa kawaida ni kifaa cha kwanza cha mtoa huduma. Nakili anwani hiyo. Mstari wa pili ukiwa na nyota tupu, chukua wa tatu. Mstari wa pili ukianza tena na 192.168, huenda una ruta mbili zilizofuatana nyumbani, jambo tutakalolirudia hapo chini.

Amri ya `ping` hutuma ujumbe mdogo, yaani pakiti, na kupima muda wa jibu. Fungua madirisha matatu ya amri na uyaache yaende kwa wakati mmoja:

`ping -t 192.168.1.1`
`ping -t` na anwani ya kifaa cha kwanza cha mtoa huduma
`ping -t 1.1.1.1`

Kwenye Mac na Linux usiandike `-t`, kwa kuwa huko amri huendelea yenyewe. Ukibonyeza Ctrl na C, inasimama na kukupa asilimia ya pakiti zilizopotea. Subiri hadi tatizo litokee, hata kama itabidi uache usiku kucha, kisha soma hivi:

- Ruta kwa waya inatakiwa kujibu karibu na milisekunde 1 au chini yake, bila kupoteza pakiti. Ikipoteza, kagua kebo, tundu, au ruta yenyewe.
- Ruta inajibu lakini kifaa cha mtoa huduma kimenyamaza pamoja na 1.1.1.1: ubovu uko kwenye modemu au laini.
- Viwili vya kwanza vinajibu ila 1.1.1.1 haijibu: tatizo liko ndani ya mtandao wa mtoa huduma au mbele yake, na hakuna skrubu ya kukaza nyumbani kwako.
- Vyote vitatu vinajibu lakini tovuti hazifunguki: shuku DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Andika `nslookup` na jina la tovuti, na jibu likichelewa au likakosekana, ingia kwenye mipangilio ya ruta uweke DNS ya 1.1.1.1, 8.8.8.8 au 9.9.9.9.
- Vyote vitatu ni safi kwa waya, na simu bado inasumbua: ni Wi-Fi.

Kuna mtego mmoja kwenye `tracert`. Vifaa vya katikati ya njia hupuuza maombi ya ping vinapokuwa na kazi nyingine, kwa hiyo vinaweza kuonekana vinapoteza nusu ya pakiti ilhali vinapitisha data yako vizuri. Hali hiyo hiyo inaweza kukipata kifaa cha kwanza cha mtoa huduma: kikinyamaza huku 1.1.1.1 ikijibu bila kasoro, kipuuze. Upotevu una maana pale tu unapoendelea hadi kituo cha mwisho. Mafundi wa mtoa huduma wanalijua hili, na picha ya `tracert` isiyosomwa vizuri huwapa sababu ya kulitupa lalamiko lako.

Angalia pia saa za tatizo. Linaloanza kila jioni na kuisha usiku wa manane kwa kawaida ni msongamano wa watumiaji. Linalokuja na mvua kwenye laini ya shaba hutokana na maji kuingia kwenye kiungio. Linalokuja saa za joto kali huelekeza kwenye ruta au modemu iliyobanwa mahali pasipo hewa. Na linalojirudia kila baada ya muda uleule, mathalani kila saa 24, huenda ni kipima muda cha mtoa huduma kinachofunga muunganisho na kuufungua upya.

Ruta ilizimika, au laini ilikatika?

Swali hili lina jibu la haraka ambalo wengi hawalitumii. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, ingia, utafute ukurasa wa hali ya kifaa. Humo kuna muda tangu ruta iwashwe, na kwa kawaida kuna muda tangu muunganisho wa intaneti uanze. Vyote viwili vikiwa vifupi, ruta inazimika na kujiwasha. Ruta ikiwa na siku 12 na muunganisho ukiwa na dakika 20, ruta ni nzima na laini ndiyo iliyokatika.

Ruta inayojizima yenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni adapta ya umeme. Adapta huzeeka: voltaji hushuka pale ruta inapohitaji nguvu zaidi, kwa mfano watu wengi wanapounganika au diski ya USB inapochomekwa. Soma lebo chini ya ruta. Ikisema volti 12 na ampea 1.5, adapta mpya iwe volti 12 kamili, ampea 1.5 au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi kwenye pini uwe uleule. Ampea zaidi hazidhuru. Volti zaidi huunguza. Ukibadilisha adapta na ruta ikaendelea kuzimika, itoe kabatini, iweke kwa siku moja mahali penye hewa, matundu yake yakiwa wazi. Isipopona, ubovu uko ndani ya ruta yenyewe au kwenye programu yake, kwa hiyo sasisha programu hiyo kabla ya kufikiria kununua nyingine.

Kebo nayo ina ugonjwa wake wa kimyakimya. Muunganisho wa Mbps 1000 unahitaji jozi zote nne za nyaya, na wa Mbps 100 unahitaji mbili tu. Waya mmoja ukikatika ndani ya kichwa cha kebo, mara nyingi vifaa hushuka hadi Mbps 100 bila kutoa onyo lolote. Tazama kasi ya muunganisho kwenye mipangilio ya mtandao ya kompyuta: ikisoma 100 wakati ruta na kompyuta vyote vinamudu 1000, badilisha kebo. Cat 5e inatosha kwa Mbps 1000 hadi mita 100.

Wi-Fi: hapa ndipo penye kesi nyingi

Pau za ishara kwenye simu hazina kipimo cha pamoja, kwa hiyo tafuta namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya ishara. Kwenye Mac shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya Wi-Fi. Kwenye Android tumia programu ya kuchanganua Wi-Fi. Kwenye Windows `netsh wlan show interfaces` hutoa angalau asilimia. Namba za dBm ni hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu. Kando ya ruta utaona kama -30. Hadi -67 simu za video huenda vizuri. Kwenye -70 matatizo huanza, na kwenye -80 kifaa huonyesha kimeunganika huku hakuna kinachofunguka. Zunguka vyumba vyote ukiandika namba, na mahali panapozuia patajitokeza.

Ruta inataka kuwa juu kiasi, kama mita 1.5 au 2 kutoka sakafuni, katikati ya nyumba na mahali pa wazi. Chuma huirudisha nyuma ishara na maji huimeza, kwa hiyo nyuma ya televisheni, kando ya friji, karibu na tangi la maji au tangi la samaki, na nyuma ya kioo kikubwa ni mahali pabaya. Ukuta wa zege lenye nondo hupunguza ishara kuliko ukuta wa mbao, na GHz 5 huumia zaidi kuliko GHz 2.4. Antena iliyosimama wima husambaza ishara kwa ulalo, yaani kwenye ghorofa ileile. Kwa ghorofa ya juu, ilaze mojawapo.

Kwenye GHz 2.4 weka upana wa chaneli kuwa MHz 20 na uchague chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Usijaribu kujificha kwenye 3 au 4. Ruta zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupeana zamu; zinazopishana nusu husikia makelele matupu na kuharibiana pakiti. Upana wa MHz 40 kwenye bendi hii humeza sehemu kubwa ya nafasi yote iliyopo, na mahali penye majirani wengi hukuletea hasara wewe na wao.

GHz 5 ni pana na tulivu zaidi, ila ina jambo lake. Chaneli 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada. Sheria za masafa huitaka ruta ihame mara inaposikia rada, na kabla ya kuanza kutumia chaneli nyingine ya kundi hilo isikilize kwa angalau sekunde 60. Nyumbani utaona Wi-Fi ya GHz 5 ikitoweka ghafla kwa dakika moja hivi, kisha inarudi, bila sababu ya wazi. Ukikuta neno DFS au radar kwenye kumbukumbu za ruta, usiiache ruta ijichagulie chaneli. Weka mwenyewe 36, 40, 44 au 48.

Wakati wa uchunguzi, zipe bendi hizo mbili majina tofauti. Ruta nyingi hutumia jina moja kwa zote, na kifaa kinaporukaruka kati yake huwezi kujua ni ipi inayokatika. Tatizo likija chakula kinapopashwa moto, maikrowevu inaingilia GHz 2.4. Diski za USB 3.0 na nyaya zake nazo hutoa makelele kwenye bendi hiyohiyo, kwa hiyo sogeza diski mbali na ruta kwa waya wa ziada wa mita moja.

Kifaa cha kurudia ishara huwekwa vibaya karibu kila mara: kinapelekwa kwenye chumba kisicho na ishara, kikarudie kitu ambacho hakipo. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo bado unasoma kama -65. Hata hapo, kinachopokea na kutuma kwa redio ileile hupunguza kasi kwa takriban nusu. Kama unaweza kuvuta kebo, ivute. Ruta ya zamani ikiunganishwa kwa waya ina manufaa kuliko kirudishi kipya: ipe anwani tofauti kama 192.168.1.2, zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), chomeka kebo kwenye tundu lake la LAN badala ya WAN (tundu la kuingiza intaneti), weka jina na nenosiri lilelile la Wi-Fi, na chaneli tofauti na ya ruta kuu.

Usisahau hatua ya DHCP. Ruta mbili zikigawa anwani ndani ya mtandao mmoja, baadhi ya vifaa hupewa njia ya kutokea isiyo sahihi, na unabaki ukishangaa kwa nini simu moja inafanya kazi na nyingine haifanyi. Kifaa chenye anwani inayoanza na 169.254 hakikupata jibu kutoka kwa DHCP yoyote. Ruta mbili zilizofuatana, ya pili ikitumia tundu la WAN, hazigombani namna hiyo, ila michezo ya mtandaoni na kamera za nyumbani huweza kusumbua. Iliyo bora ni kuiacha moja tu ifanye kazi ya ruta.

Laini ya faiba

Anza na taa za kisanduku cha faiba. PON ya kijani isiyopepesa na LOS iliyozimika ndiyo hali njema. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki. PON inayopepesa bila kukoma maana yake mwanga unafika lakini kisanduku hakijakubaliwa na mitambo ya mtoa huduma, na hilo hulitatua yeye.

Visanduku vingi huonyesha pia nguvu ya mwanga unaopokewa, kwa dBm. Kwa GPON (aina ya mtandao wa faiba wa majumbani) ya daraja la kawaida, B+, kisanduku hufanya kazi kati ya -8 na -27. Usomaji kati ya -15 na -24 hauna shida. Ukikuta -27 au chini zaidi, umefika ukingoni, na mabadiliko madogo ya joto au mtikisiko wa waya yatakukata. Andika namba hiyo siku huduma ikiwa nzuri, kwa kuwa kushuka ndiko kunakosema zaidi: kila desibeli 3 ni nusu ya mwanga. Ikiwa ilikuwa -19 na sasa ni -26, kuna mahali faiba imekunjwa, imebanwa na mlango, imeungwa vibaya, au konekta imeingia uchafu.

Fuatilia waya wa faiba kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku. Popote ulipokunjwa kwa ukali, ulegeze uwe mviringo wenye nusu kipenyo cha sentimita 3 au zaidi. Usiufunge kwa kamba ya plastiki iliyokazwa, wala usiupitishe chini ya mguu wa meza. Konekta ya kijani imekatwa kwa mshazari na ya bluu imekatwa bapa. Zikichomekwa pamoja mwanga mwingi hupotea. Usitazame ncha ya faiba: mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kulidhuru. Usiipulize kwa mdomo wala kuipangusa kwa nguo. Husafishwa kwa kalamu maalumu ya konekta, au kitambaa kisichoacha nyuzi na pombe ya isopropili ya asilimia 99, kifaa kikiwa kimezimwa. Kama huna vitu hivyo, mwachie fundi, kwani konekta iliyosafishwa vibaya huwa chafu kuliko mwanzo.

Kwa laini ya simu ya shaba, ondoa viunganishi vya katikati, unganisha modemu kwenye tundu la kwanza linaloingia nyumbani, na hakikisha kila simu ya mezani ina kichujio chake. Ukingo wa ishara dhidi ya makelele ukishuka chini ya desibeli 6, tarajia kukatika. Kwa kebo ya koaksi, kaza konekta kwa mkono na uondoe vigawanyo visivyohitajika. Kila kigawanyo cha njia mbili hula takriban desibeli 3.5. Kwa ruta ya laini ya simu za mkononi, tazama RSRP (nguvu ya ishara ya mnara) na SINR (ishara ikilinganishwa na makelele): RSRP ya -90 ni nzuri, -110 ni dhaifu, na SINR iliyo chini ya 0 hufanya hata ishara yenye nguvu isifae. Isogeze dirishani, upande wa mnara, ukipima kila hatua.

Kasi ni nzuri, lakini sauti inakwama

Hili huwachanganya hata wenye uzoefu. Kipimo cha kasi kinatoa namba za kupendeza, ila mtu mmoja akianza kupakia picha au video, simu za video za wengine zinaganda. Pakiti zinapanga foleni ndefu ndani ya ruta au modemu. Kuthibitisha, acha `ping -t 1.1.1.1` iende, kisha pakia faili kubwa. Ikipanda kutoka milisekunde 20 hadi 300 au zaidi, umelipata.

Dawa ni kuipa ruta kazi ya kusimamia foleni kwa fq_codel au CAKE, mbinu mbili za kupanga pakiti. Kwenye ruta zenye OpenWrt, programu huria ya ruta, huitwa SQM. Pima kasi yako kwa waya mara kadhaa, kisha weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya ulichopata, kwa kupakua na kupakia kila kimoja peke yake. Utapoteza kasi kidogo, na foleni itabaki mahali unapoitawala. Ruta isiyo na uwezo huo, punguza kasi ya kupakia ndani ya programu ya kuhifadhi nakala mtandaoni, au ipangie usiku. Kununua kifurushi kikubwa zaidi kabla ya kupima hili mara nyingi ni kupoteza fedha.

Baadhi ya tovuti zikifunguka na nyingine zikaganda kila mara, hasa kwenye laini ya PPPoE (ambayo ruta huingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri), pima ukubwa wa pakiti: `ping -f -l 1464 1.1.1.1` kwenye Windows. Ikikataa kwa kusema pakiti inahitaji kugawanywa, punguza 1464 kidogo kidogo hadi ipite, ongeza 28 kwenye namba iliyopita, na uandike jumla hiyo kama MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya muunganisho wa intaneti kwenye ruta. Kwa PPPoE ya kawaida jumla ni 1492.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma

Usibonyeze kitundu cha kurudisha ruta kwenye hali ya kiwandani hadi uwe umenakili jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE, namba ya VLAN (ya kutenganisha huduma kwenye laini) kama ipo, na mipangilio ya Wi-Fi. Wengi hubonyeza, kisha hukaa siku nzima bila intaneti kabisa wakisubiri kupewa taarifa hizo upya. Ni hatua ya mwisho, na haitibu faiba iliyokunjika.

Ukipiga simu, anza kwa kusema umepima kwa waya. Taja tarehe na saa za kukatika, asilimia ya pakiti zilizopotea kwa kila anwani, rangi za taa wakati wa tatizo, na nguvu ya mwanga au ishara. Kasi itaje kwa Mbps: megabaiti moja kwa sekunde ni Mbps 8, hivyo Mbps 50 ni megabaiti 6.25, na wanaochanganya viwili hivyo hulalamikia huduma isiyo na kosa. Omba namba ya lalamiko. Fundi akija, mwambie apime nguvu ya mwanga au ishara mbele yako kabla ya kugusa chochote na tena baada ya kumaliza, uandike namba zote mbili. Zikiwa sawa, huenda kilichosababisha kukatika bado hakijaguswa, na ni haki yako kumwomba aendelee kutafuta.